Feni tatu badala ya tano: nilivyoitafutia kompyuta yangu upepo usio na kelele

Kazi yangu ni kusoma vitabu kwa sauti. Nakaa mbele ya maikrofoni, nasoma aya, nanyamaza kidogo, naendelea. Ni katika kule kunyamaza ndipo feni za kompyuta yangu zilipokuwa zikiniumbua. Nikiwa nasema husikii kitu, lakini nikifika kwenye nukta tu, chini ya ukimya unatambaa mluzi mwembamba, kama wa mbu aliye upande wa pili wa chandarua. Nilijaribu kuusafisha kwa programu ya kuondoa kelele. Mluzi ulipungua kweli, ila "s" na "sh" zangu zikaondoka nusu pamoja nao, na miisho ya maneno ikawa kama imekatwa kwa wembe. Nikaona heri niufuate mluzi huko huko unakotoka.

Kompyuta yenyewe tuliiunganisha mimi na mdogo wangu wa kiume. Ni ya mezani, kasha la ukubwa wa kati, mbele lina wavu na chujio la vumbi, na ndani yake kuna prosesa ya wati 65 yenye kipoza cha mnara (rundo la mapezi ya chuma lenye feni yake) na kadi ya grafiki ya kawaida. Kasha linapokea mbele feni tatu za milimita 120 au mbili za milimita 140, nyuma moja ya 120, na juu mbili. Siku ile ya kwanza tulinunua pakiti moja ya feni tano zenye taa, za kampuni ambayo sitaitaja, tukazipachika zote: tatu mbele, moja nyuma, moja juu. Sikujiuliza lolote zaidi ya kama zitaingia. Zikaingia.

Niseme kwanza zilivyokuwa, maana nilichojifunza kuhusu kuchagua feni nilikipata kwa kuziangalia hizo. Kwenye boksi palikuwa na namba moja kubwa: kiasi cha upepo. Hapakuandikwa kasi ya chini kabisa, hapakuandikwa nguvu ya kusukuma, wala aina ya beringi. Kila feni ilikuwa na plagi ya aina yake ya peke yake, inayoingia kwenye kisanduku kidogo kilichokuja nazo, na kisanduku hicho kilizipa zote tano kasi moja. Sikuweza kuiambia ya nyuma ipunguze na ya mbele ibaki. Baada ya miezi michache ile ya juu ikaanza kugonga, tik, tik, tik, kama kucha inayogusa meza. Nilipoifungua nikakuta ni beringi ya bushi, ile ambayo mhimili unazunguka ndani ya kijibomba chenye mafuta kidogo. Beringi ya namna hiyo huvumilia feni ikisimama wima. Ukiilaza, kama ilivyolala ile ya juu, uzito wa mapanga unaegemea pabaya na mafuta hayakai sawa, basi inachakaa mapema. Laiti ningelijua hilo mapema ningeipachika nyuma.

Nilipoanza kutafuta nyingine nilikuta kila kampuni inaweka namba mbili mbele: upepo na nguvu ya kusukuma. Nakuomba uzielewe hizi kabla hujatoa hela. Namba ya upepo hupimwa feni ikiwa haijazuiwa na kitu chochote. Namba ya kusukuma hupimwa njia ikiwa imezibwa kabisa, upepo haupiti hata kidogo. Kwa hiyo namba zote mbili ni za hali ambazo feni yako haitakuwamo hata siku moja, na haziwezi kutokea kwa pamoja. Ndani ya kasha feni huishi katikati: mbele yake kuna chujio, wavu, au mapezi ya kipoza yaliyobanana. Inayotoa upepo mwingi penye uwazi inaweza kulegea kabisa ukiiwekea chujio. Ndiyo maana ya kwanza kujiuliza ni nini kitakaa mbele ya feni hii. Sehemu ya nyuma ya kasha pana matundu tu, upepo unatoka bila shida. Mbele pana chujio. Kwenye kipoza ndipo penye kazi ngumu kuliko kote.

Na kelele nayo ina mtego wake. Kampuni ya Noctua huandika desibeli. Kampuni ya Arctic, kwa feni zake za P12, huandika soni, kipimo cha jinsi sikio linavyousikia ukubwa wa sauti, 0.3. Hivyo ni vipimo viwili tofauti, huwezi kuviweka kando kwa kando ukasema hii inaishinda ile. Isitoshe, namba hizo ni za kasi ya mwisho, na mimi kasi ya mwisho siitumii hata nikiwa nasafirisha faili kubwa. Nilichotaka kujua ni moja tu: feni hii inasikikaje ikizunguka mara 700 au 900 kwa dakika, ikiwa imefungwa ndani ya kasha langu, mita moja kutoka kwenye maikrofoni yangu? Hilo haliandikwi kwenye boksi lolote. Ilibidi nisikilize mwenyewe.

Nilinunua kwanza mbili za kulinganisha, zote za milimita 120: Noctua NF-A12x25 PWM na Arctic P12 PWM PST.

NF-A12x25 ilitoka mwaka 2018. Ukiishika mkononi unaiona mara moja tofauti yake: nafasi kati ya ncha za mapanga na fremu ni nusu milimita tu. Nusu milimita! Feni nyingi huacha pengo kubwa zaidi, na upepo ulioshindwa kupenya kwenye kizuizi hurudi nyuma kupitia pengo hilo. Ila huwezi kulibana pengo kiasi hicho kwa plastiki ya kawaida, kwa sababu mapanga yakizunguka miaka na miaka kwenye joto hunyooka kidogo kidogo kuelekea nje, hatimaye yangekwaruza fremu. Kwa hiyo Noctua walitumia plastiki ngumu ya aina nyingine wanayoiita Sterrox. Kasi yake ni kutoka mizunguko 450 hadi 2000 kwa dakika. Kwa kasi hiyo ya mwisho wanaandika upepo wa mita za ujazo 102.1 kwa saa, nguvu ya kusukuma ya milimita 2.34 za maji (kipimo cha msukumo wa hewa), na desibeli 22.6. Dhamana ni miaka 6. Ndani ya boksi unapata waya wa kuongezea wa sentimita 30, waya wa kugawa feni mbili kwenye soketi moja, kipande cha kupunguza kasi hadi 1700, skrubu nne, na pini nne za mpira za kuzuia mtetemo. Rangi yake ni ile ya maziwa na kahawia. Nyeusi ilikuja baadaye, mwaka 2021. Mimi nilichukua ya kahawia, kasha langu halina kioo.

P12 inafika mizunguko 1800, wanaandika upepo wa mita za ujazo 95.7 kwa saa na nguvu ya kusukuma ya milimita 2.20 za maji. Angalia jinsi namba zilivyo jirani, na bei zilivyo mbalimbali: ile ya Noctua ni ghali mara kadhaa. P12 ina mapanga matano tu, mapana, yaliyokaribiana na kuacha nafasi ndogo kati yao. Beringi ni ya mafuta yaliyofungiwa, yenye mifereji midogo inayoyasukuma mafuta kwenye mhimili. Herufi PST maana yake ni kwamba waya una tundu la ziada, unachomeka feni inayofuata kwenye waya wa hii, na zote zinafuata amri moja. Kwa kasha lenye soketi chache za feni huo ni msaada mkubwa. Soketi nyingi za ubao mama, ile bodi kuu ya kompyuta, hubeba ampea 1, na feni mbili tatu za namna hii hazifiki huko.

Jaribio lilikuwa hivi. Usiku, kila kitu kimezimwa, maikrofoni mita moja kutoka kwenye kasha, kiwango cha kurekodi sikigusi. Mdogo wangu anafunga feni mimi nikiwa nje ya chumba, anaiweka kwenye kasi tuliyokubaliana, ananiita, narekodi nusu dakika, nasikiliza kwa hedifoni, nasema ipi. Tulianza na nafasi ya nyuma, mizunguko 800.

"Haya, dada, ipi hiyo?"

Nikasema Noctua. Ilikuwa P12. Mara ya pili nikasema P12, ilikuwa P12. Mara ya tatu nikakosa tena. Yaani nilikuwa nabahatisha. Penye uwazi, kwa kasi ndogo, masikio yangu na maikrofoni yangu havikuona tofauti inayostahili kulipiwa.

Tukahamia kwenye kipoza, penye mapezi. Hapo nilihitaji mizunguko zaidi ili upepo upenye, tukaweka 1200 kwa zote mbili. Mara tatu kati ya tatu nilizitambua. Ile ya Noctua ilitoa pumzi tupu, "shhh" laini isiyo na umbo. Nyingine ilikuwa na sauti yenye noti ndani yake, unayoweza hata kuifuatisha kwa kuguna. Si kubwa, na mtu asiyerekodi asingejali. Mimi najali, kwa sababu pumzi isiyo na noti hujificha chini ya sauti ya msomaji, na noti haijifichi. Pia, kwa kazi ile ile, prosesa ilikuwa nyuzi mbili baridi zaidi, jambo lililonipa nafasi ya kuishusha Noctua hadi 900 na kubaki pale pale kwenye joto.

Kwa hiyo hukumu yangu ya kwanza ni hii: kama una hela ya feni moja nzuri sana, iweke kwenye kipoza. Usiitawanye hela hiyo kwenye matundu ya nyuma.

Mbele nilitaka za milimita 140. Duara la 140 lina eneo kubwa kuliko la 120 kwa karibu asilimia 36, kwa hiyo linaleta upepo ule ule kwa kuzunguka polepole. Hapa pana hesabu ambayo ningependa kila anayeunganisha kompyuta aijue. Ukipunguza kasi ya feni kwa nusu, upepo unapungua kwa nusu, nguvu ya kusukuma inabaki robo, na umeme inaotumia unabaki sehemu moja ya nane. Kelele inashuka kwa kiasi cha desibeli 15. Na ukiongeza feni ya pili iliyo sawa na ya kwanza, kelele inapanda kwa desibeli 3 tu. Sasa zipige: feni mbili kwa nusu ya kasi zinaleta upepo wa feni moja kwa kasi kamili, na kelele yake iko chini kwa kama desibeli 12. Ndiyo faida ya kuwa na feni kubwa, au zaidi ya moja, zinazokwenda taratibu. Ila kumbuka ile robo ya nguvu ya kusukuma: kama chujio lako ni zito au limejaa vumbi, feni ya taratibu itabaki inazungusha hewa mahali pamoja.

Kabla hujaagiza za 140 pima matundu ya skrubu, usipime fremu. Kati ya tundu na tundu feni ya 120 ina milimita 105, ya 140 ina 124.5. Kuna makasha yenye nafasi ya kutosha kwa macho lakini hayana matundu hayo. Langu lilikuwa nayo. Nikachukua mbili za Arctic P14 PWM PST, mizunguko hadi 1700, na ile P12 ya majaribio ikahamia nyuma moja kwa moja.

Sasa, kuhusu ile ya juu iliyokuwa ikigonga. Nilipoitoa nilitarajia joto lipande, maana nimesikia mara nyingi kwamba hewa moto hupanda juu na lazima uipe mlango. Hewa moto hupanda, ndiyo, lakini nguvu hiyo ni ndogo mno mbele ya feni yoyote inayozunguka. Ndani ya kasha hewa huenda inakosukumwa. Joto la prosesa halikupanda hata nyuzi moja. Nilipotazama vizuri nikaelewa: ile feni ilikaa juu, karibu na mbele, ikawa inaivuta nje hewa baridi iliyoingia punde, kabla haijafika kwenye kipoza. Nilikuwa nailisha kasha kwa mkono mmoja na kuinyang'anya kwa mwingine. Ya tatu ya mbele nayo tulipoitoa, kadi ya grafiki ilipanda nyuzi mbili, basi. Hizo P14 mbili zilipoingia, nyuzi hizo mbili zikarudi.

Mbili kuingiza, moja kutoa. Nimeacha hivyo kwa makusudi. Hewa inayoingia ikizidi inayotoka, kasha linajaa kidogo na hewa inatafuta kutokea kwenye kila upenyo. Kwa hiyo vumbi halinyonywi kupitia mianya, linapita kwenye chujio tu, nami chujio naliosha. Feni za kutoa zikizidi, kila upenyo unageuka mdomo wa kufyonza vumbi.

Upande wa kuelekeza feni tulikosea mara moja. Mdogo wangu aliifunga ya nyuma kinyume, ikawa inaingiza hewa ikigongana na ile ya mbele. Kanuni ni rahisi: hewa inaingia upande wa wazi wa mapanga, inatokea upande wenye mikono minne inayoishikilia mota. Baadhi ya fremu zina mishale. Kama huna uhakika, shika kipande cha tishu nyuma yake. Kikipeperuka kwenda mbali na feni, hapo ndipo hewa inapotokea.

Plagi. Hili limewachosha wengi, nami lilinichosha. Plagi ya kawaida ina pini tatu au nne. Ya kwanza ni hasi, ya pili volti 12, ya tatu inapeleka taarifa ya kasi kwenye ubao mama, na ya nne ndiyo PWM, waya wa amri. Feni ya pini tatu inapunguzwa kasi kwa kupunguziwa volti, na ikifika chini sana inakwama. Ya pini nne inapata volti 12 wakati wote, na amri inakuja kwa kuwasha na kuzima haraka sana, mara 25,000 kwa sekunde. Namba hiyo imechaguliwa kwa sababu: sikio la binadamu huishia kama 20,000, kwa hiyo mlio wa kuwasha na kuzima hausikiki. Kwa mtu wa maikrofoni hiyo ni sababu tosha ya kuchagua pini nne. Na ukiwa na feni ya zamani ya pini tatu, ingia kwenye mipangilio ya BIOS, programu ya msingi ya ubao mama, uiambie soketi hiyo itumie volti, iandikwayo DC. Ukiiacha kwenye PWM feni itakimbia kasi ya mwisho siku nzima nawe utailaumu bure. Nilikuwa na moja kama hiyo kwenye kompyuta yangu ya zamani kwa karibu mwaka, na siku nilipobadilisha neno moja kwenye mipangilio chumba kizima kilitulia. Nilikaa kitandani nikasikiliza.

Za taa nitasema neno moja kwa wanaozipenda: waya wa taa ni tofauti na waya wa feni. Kuna taa za volti 5 zenye pini tatu na za volti 12 zenye pini nne, na ukilazimisha ya volti 5 kwenye soketi ya volti 12 taa zinaungua.

Feni nzuri ukiiacha kwenye mipangilio ya kiwandani bado itakuudhi. Ubao mama kwa kawaida huzifanya feni zote zifuate joto la prosesa, na joto hilo linaruka nyuzi kumi kwa sekunde moja ukifungua tu programu. Basi feni zinapanda, zinashuka, zinapanda. Sikio huzoea sauti isiyobadilika, lakini kila badiliko linaliamsha, na maikrofoni inalirekodi lote. Nilifanya mambo mawili. Feni za kasha nilizihamisha zifuate kihisi cha ubao mama, ambacho joto lake hupanda polepole. Kisha ile ya kipoza nikaiwekea kuchelewa kwa sekunde kadhaa kabla haijaitikia. Mabadiliko hayo hayakugharimu hata senti, na kama ningeyafanya mwanzo pengine zile tano ningezivumilia muda mrefu zaidi.

Halafu nilikaa jioni nzima nikitafuta kasi mbaya. Kila feni ndani ya kila kasha ina kasi inayoliamsha kasha hilo: chuma chembamba cha ubavu kinaanza kuitikia na mvumo unatoka usikotarajia. Nilianza mizunguko 500, nikapanda kwa hamsini hamsini. Kwangu mvumo ulikuja karibu 850 kwa zile za mbele, ukaondoka nilipopita 920. Nilichora mpango wa kasi unaoruka pale, feni hazikai katikati yake. Kasha lako litakuwa na mahali pake tofauti. Pini za mpira badala ya skrubu zilipunguza mvumo huo lakini hazikuumaliza. Nimezitumia kwa ile ya Noctua tu, nyingine ziko kwenye skrubu.

Jambo jingine nililoligundua kwa hedifoni: feni mbili zinazokaribiana kasi, tuseme 640 na 650, hutoa sauti inayovimba na kusinyaa, uuu... uuu... uuu, polepole kama pumzi za mtu aliyelala. Zile P14 zilikuwa kwenye waya mmoja, zikifuata amri moja, lakini mota mbili haziwi sawa kabisa. Nikazitenganisha, kila moja soketi yake, moja 600 na nyingine 660. Mawimbi yakapotea. Hiyo ni faida ya PST niliyoiacha kwa hiari, na kwa mtu asiyerekodi ningesema aiache waya iungane.

Kuna hesabu moja iliyonifurahisha kuliko zote. Mvumo wa mapanga unapatikana kwa kuzidisha idadi ya mapanga na mizunguko, kisha kugawa kwa 60. P14 yenye mapanga matano kwa mizunguko 600 inavuma kwenye hezi 50, yaani mitetemo 50 kwa sekunde. P12 ya nyuma kwa 720 ni hezi 60. Wanaorekodi sauti ya mtu wengi hukata kila kilicho chini ya hezi 80, kwa sababu sauti ya msomaji haimo huko. Kwa hiyo mivumo hiyo miwili naikata kwa kitufe kimoja, bila kugusa "s" wala "sh" zangu. Noctua ina mapanga tisa, kwa mizunguko 900 iko hezi 135, juu ya mkato huo; ila pale ndipo ile pumzi isiyo na noti inapolipa gharama yake. Chini ya sauti yangu sijaisikia bado.

Kama huna hela ya feni yoyote leo, sogeza kasha. Penye uwazi, kuongeza umbali mara mbili kunapunguza kiasi cha desibeli 6. Chumbani ni pungufu ya hapo kwa sababu kuta zinarudisha sauti, lakini ndiyo hatua ya kwanza ningemshauri mtu yeyote, kabla ya kufungua skrubu moja. Langu limetoka juu ya meza, liko chini, upande wa pili wa mguu wa meza.

Nimekaa na mpangilio huu miezi saba. Mbele P14 mbili kwa 600 na 660, nyuma P12 kwa 720, kwenye kipoza NF-A12x25 kwa 900, nikihariri video inafika 1300. Chujio la mbele naliosha kila baada ya wiki mbili. Nilipochelewa mwezi mzima joto lilipanda nyuzi nne na feni zikaanza kuivuka mara kwa mara ile kasi mbaya ya 850, ndivyo nilivyokumbuka. Kama ningeanza upya ningenunua hizi hizi, na nisingeongeza hata moja ya Noctua. Mwenye kadi kubwa ya grafiki inayochemka angeongeza ya tatu mbele kabla ya kufikiria ya juu.

Zile tano za mwanzo ziko kwenye boksi chini ya kitanda. Inayogonga nimeipiga alama nyekundu kwenye mota, kwa sababu mdogo wangu amesema anataka kuunganisha yake, nami najua ataanza kutafuta kwenye boksi hilo.